Mwani, joto na swali la ngalawa

Kila warsha ya tabianchi haikosi mtu wa kusema, "Joto limezidi, wakulima wa mwani wahamie maji marefu." Huwa natamani nimchukue pwani siku moja ya bamvua, maji yanapopwa mbali kabisa, akaone kilimo chenyewe kinavyokwenda.

Mimi ni mtu wa ugani wa mwani, mashariki ya Unguja. Mwezi ukiandama au ukipevuka, maji hutoka mbali, na kinamama hushuka na mambo yao, vile vijiti vya kupigilia mchangani, pamoja na nyundo na mafungu ya kamba. Wanapigilia mambo, wanafunga mbegu, yaani vipande vya mwani, wanavuna, na maji yakigeuka nao wanageuka. Siku za maji mafu shamba halifikiki. Kilimo hiki kilianza kibiashara mwaka 1989 huku Paje na Jambiani, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino, na kikawa cha wanawake zaidi, sababu moja ni kwamba kinafanyika kwa miguu.

Sasa maji hayo ya magotini ndiyo yanayochemka kwanza. Kwetu kupwa kwa bamvua huangukia kuelekea adhuhuri, kwa hiyo wakati wa kaskazi, msimu wetu wa joto, jua hulikuta shamba wazi kabisa. Kotonii, mwani mnene wenye bei nzuri, umeshindwa kustahimili. Sehemu nyingi za Unguja imebaki spinosamu, aina nyingine ya mwani, inayovumilia zaidi lakini bei yake duni. Na hiyo nayo huugua. Bamvua iliyopita nilishika tawi moja: juu kahawia, gumu, linateleza vizuri mkononi, katikati kipande cha urefu wa kidole kimekuwa cheupe kama tambi zilizoiva. Nikalitikisa kidogo tu, nusu ya chini ikaenda na mkondo. Ugonjwa huu tunauita aisi-aisi. Mwani ukishachoshwa na joto, au na maji ya mvua yaliyopunguza chumvi, bakteria humalizia.

Kuna linalowezekana hata bila ngalawa ya kufikia maji marefu. Wakulima wengine huhifadhi mbegu kwenye mkondo, palipo na maji yanayotembea, kaskazi ikipita wanazirudisha shambani. Hili sikuwafundisha mimi, nimelikuta.

Maji marefu yenyewe yana faida, sikatai. Joto halipandi haraka, na mwani ukiwa kwenye kamba zinazoelea au ndani ya nyavu za bomba, nyavu ndefu kama soksi, hata matawi yakikatika hayapotei. Kotonii hupata nafasi tena. Lakini nilipolieleza hili kwenye kikao kimoja, bi mkubwa mmoja akanikatiza:

"Mwanangu, mie miaka yote hii naingia humu kwa miguu yangu. Hiyo ngalawa itakuwa ya nani?"

Nilikuwa na michoro ya nanga na maboya. Jibu la ngalawa sikuwa nalo. Wengi wao hawajui kuogelea, na chombo kikiwapo kina mwenyewe, kaka au shemeji, anayetaka fungu lake. Nimeshuhudia shamba likihamia maji marefu, na baada ya misimu miwili wenye kamba ni wanaume. Mwani ulipona, wanawake wakarudi kusubiri mavuno ya kuanika.

Na bei je? Mwani mkavu mwingi unauzwa nje ukiwa ghafi, huko ndiko inakotolewa karagini, ute wa mwani wa kugandishia vyakula na dawa ya meno. Kwa bei ya kilo anayopewa mkulima, kukusanya pesa ya chombo ni ndoto. Vikundi vinavyosaga mwani na kutengeneza sabuni vina nafuu, ingawa soko lao kubwa ni watalii, na watalii wana misimu yao.

Kwa hiyo siku hizi sianzi na maboya. Kikundi ninachofanya nacho kazi tumeanza na kuogelea, siku za maji mafu maana hawana shamba. Vifaa ni madumu matupu ya mafuta ya kula, mawili mawili yamefungwa kamba chini ya kwapa, maji ya kifuani, nguo zao zile zile za kazini. Kati ya kumi na wawili, wanne sasa wanafika kwenye boya na kurudi. Ngalawa wanaichangia kidogo kidogo, na wamekubaliana iandikwe jina la kikundi.

Bi mkubwa bado hajaingia majini. Anakaa kwenye kivuli cha mvinje, anahesabu madumu yakitoka.