Kulala na Tembo: Jinsi Wakanada Wanavyomtazama Jirani Yao

Machi 1969, Waziri Mkuu wa Kanada, Pierre Trudeau, aliwaambia waandishi wa habari mjini Washington kwamba kuishi jirani na Marekani ni kama kulala na tembo: hata mnyama huyo awe mpole kiasi gani, anayelala naye huhisi kila anapojigeuza na kila anapokoroma. Tangu siku hiyo maneno hayo yamekuwa njia fupi ya kueleza mtazamo wa Wakanada kwa Wamarekani, mtazamo ambao wageni wengi huuelewa vibaya, ama kwa kuudhani ni chuki, ama kwa kudhani haupo kabisa kwa vile mataifa haya mawili yanafanana mno.

Sisi tumezoea methali ya tembo wawili wapiganao na nyasi ziumiazo, lakini tembo wa Trudeau hapigani na mtu. Amelala, na pengine hana habari kwamba kitandani yumo mwenzake. Hapo ndipo penye kiini cha dhana yenyewe, kwa sababu kinachomkosesha Mkanada usingizi ni uzito wa jirani kuliko uadui wake. Kanada ina watu wapatao milioni 40, Marekani ina zaidi ya milioni 330. Mpaka wao, wenye urefu wa kilomita 8,891, ndio mrefu kuliko wowote kati ya nchi mbili duniani. Na takribani robo tatu ya bidhaa ambazo Kanada huziuza nje huenda kwa jirani huyo mmoja. Mkanada hulazimika kufuatilia siasa za Washington kama mkulima afuatiliavyo mvua, ilhali Mmarekani wa kawaida anaweza kuishi miaka mingi bila kumjua waziri mkuu wa Kanada kwa jina.

Tahadhari hiyo ina mizizi mirefu. Baada ya makoloni 13 ya Uingereza yaliyounda Marekani kupata uhuru wao, makumi ya maelfu ya watu waliobaki watiifu kwa mfalme wa Uingereza walikimbilia kaskazini, hivyo sehemu kubwa ya wakazi wa mwanzo wanaozungumza Kiingereza nchini humo walikuwa ni watu walioyakataa mapinduzi ya Marekani. Katika vita vilivyoanza 1812, majeshi ya Marekani yaliivamia Kanada, na mwaka 1813 yakaliteketeza jengo la bunge katika mji wa York, ambao leo ni Toronto. Mwaka 1911 serikali ya Wilfrid Laurier iliangushwa katika uchaguzi uliotawaliwa na hoja ya mkataba wa kupunguziana ushuru na Marekani, maana wapinzani wake waliwashawishi wapiga kura kwamba mlango wa biashara ungekuwa mlango wa kumezwa. Hoja hiyohiyo ilirudi katika uchaguzi wa 1988. Safari hii Waziri Mkuu Brian Mulroney, aliyeutetea mkataba wa biashara huria, alishinda, na mkataba ukaanza kutumika Januari 1989.

Hofu ya kumezwa haikuishia kwenye biashara. Mawimbi ya redio hayasimami mpakani kuonyesha pasipoti, na kwa kuwa Wakanada wengi wanaishi karibu na mpaka, nyimbo na vipindi vya Marekani viliwafikia sebuleni bila kualikwa. Shirika la utangazaji la taifa lilianzishwa mwaka 1936 kwa sehemu kubwa ili kuijibu hali hiyo, na tangu 1971 vituo vya redio vinawajibika kisheria kupiga kiwango maalumu cha nyimbo za Kikanada, ambacho kilianza na asilimia 30 na baadaye kikapandishwa hadi 35 kwa muziki unaopendwa na wengi. Katika jimbo la Quebec, ambako lugha ni Kifaransa, wasiwasi mkubwa ni juu ya Kiingereza chenyewe, kitoke Toronto au New York.

Pamoja na hayo yote, Wakanada hutofautisha serikali ya Marekani na Mmarekani wa kawaida. Walikataa kujiunga na uvamizi wa Iraq mwaka 2003, lakini miaka miwili tu kabla yake, Septemba 11, 2001, anga ya Marekani ilipofungwa, mji mdogo wa Gander huko Newfoundland, wenye wakazi wapatao 10,000, uliwapokea abiria zaidi ya 6,500 kutoka ndege 38, ukawalaza mashuleni na makanisani na kuwapikia kwa siku kadhaa. Na kila mwaka jimbo la Nova Scotia huupelekea mji wa Boston mti wa Krismasi, kwa kukumbuka madaktari na misaada iliyotoka Boston baada ya mlipuko ulioubomoa mji wa Halifax tarehe 6 Desemba 1917. Watu wasiopendana hawatumiani miti kwa zaidi ya nusu karne.

Kuna upande mmoja wa mtazamo huu ambao naona haufai kufunikwa. Mkanada akiulizwa yeye ni nani, mara nyingi huanza kwa kutaja asivyo: si mbeba bunduki, si mtu wa kufilisika kwa bili ya hospitali, si mbaguzi kama wale wa kusini. Kuhusu matibabu ana haki ya kujivunia, lakini kuhusu ubaguzi kujilinganisha huko kumemsaidia kutoyatazama ya nyumbani. Noti ya Kanada ya dola 10, inayotumika tangu 2018, ina picha ya Viola Desmond, mwanamke Mweusi aliyekamatwa mwaka 1946 katika jumba la sinema huko Nova Scotia kwa kukaa kwenye viti vilivyotengewa Wazungu. Zaidi ya watoto 150,000 wa wenyeji wa asili walipelekwa katika shule za bweni zilizokusudia kuwafuta lugha na mila zao. Hayo hayakufanywa na tembo.

Mwaka 2025 tembo alijigeuza kwa kishindo. Rais Donald Trump aliziwekea bidhaa za Kanada ushuru mpya, akarudia mara kwa mara kusema kwamba nchi hiyo ingefaa kuwa jimbo la 51 la Marekani. Maduka ya pombe ya serikali za majimbo yaliziondoa rafuni chupa za Kimarekani, mashabiki waliuzomea wimbo wa taifa wa Marekani viwanjani, na wengi walifuta safari zao za kusini. Msemo uliotawala ulikuwa "viwiko juu", uliotoka kwenye mpira wa magongo wa barafuni, ambako mchezaji huinua viwiko kujikinga na anayemvamia. Mwezi Aprili chama cha Waziri Mkuu Mark Carney, ambacho miezi michache tu nyuma kilionekana kimekwisha, kilishinda uchaguzi.

Mahali ambapo dhana hii inaonekana kwa macho ni maktaba ya Haskell, iliyojengwa makusudi juu ya mpaka kati ya Stanstead, Quebec, na Derby Line, Vermont. Mstari mweusi umepita sakafuni katika chumba cha kusomea. Vitabu vingi viko Kanada, mlango mkuu uko Marekani. Kwa zaidi ya miaka 100 wasomaji wa Stanstead walitembea hatua chache kuuzunguka ukuta hadi mlangoni bila kupitia kituo cha forodha. Mwaka 2025 serikali ya Marekani iliwafungia njia hiyo, na maktaba ikalazimika kuwafungulia mlango mwingine upande wa Kanada. Wakishaingia ndani, wasomaji wa nchi zote mbili bado wanakaa katika chumba kilekile.