Inanoki si imenoki

Noki ni petroli kujiwakia yenyewe ndani ya silinda baada ya plagi kutoa cheche. Moto unaanzia kwenye plagi na kusambaa. Mchanganyiko uliobaki pembeni, ambao moto haujaufikia, unabanwa na kupata joto mpaka unawaka wote kwa mkupuo. Mshindo wake unasikika kama changarawe ndani ya mkebe. Maana yake ni hiyo tu.

Shida iko kwenye kiambishi. Neno tulilichukua kwa Kiingereza, na huko ni kugonga tu, iwe mlango au chuma. Sisi tukalivisha -me-, likawa tangazo la msiba. Gereji nyingi zikisema "injini imenoki" zina maana beringi za konrodi (mkono unaoshika pistoni) zimekwisha, krenkishafti (mhimili unaozungushwa na konrodi) imekwaruzika, tafuta injini nyingine. Ni -me- ile ya imekufa, imeoza. Sina ugomvi na matumizi hayo. Ugomvi wangu ni pale yanapomeza -na-, ile ya kitendo kinachoendelea.

Juzi mwenye Volkswagen Beetle ya miaka ya 1960, injini ya 1300, alishuka nayo kutoka Nairobi hadi Mombasa. Wakati wa kurudi, ikaanza kulia kwenye mlima wa Mazeras. Akaambiwa imenoki, aiuze chuma chakavu. Iliniuma sana, maana hakuna aliyegusa hata distribyuta, kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa plagi.

Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, silinda inavuta kidogo, shinikizo linakuwa dogo, kwa hiyo cheche ikitangulia kupita kiasi injini inavumilia. Ukiteremka pwani hewa ni nzito na joto ni kali. Taimingi ileile, yaani wakati wa kutoa cheche, sasa inawasha mapema mno: shinikizo linafika kileleni pistoni ikiwa bado haijaanza kushuka vizuri, na mchanganyiko wa pembeni unashindwa kustahimili. Hiyo ni inanoki. Kitendo kinaendelea, na kinaweza kukoma leo hii.

Kwa injini hiyo kipimo cha taimingi cha kiwandani ni digrii 7.5 kabla ya pistoni kufika juu kabisa, ikipimwa injini imezimwa na imepoa. Anza na platini, swichi ndogo ya cheche iliyo ndani ya distribyuta, mwanya milimita 0.4, kwa sababu ukiubadilisha mwanya taimingi nayo inahama. Kisha legeza kibano cha distribyuta na uizungushe kidogo kufuata mwendo wa rota, kile kipande kinachozunguka ndani yake. Hapo cheche inachelewa. Petroli ya oktani ya juu nayo husaidia, si kwa kuwa ina nguvu zaidi kama wengi wanavyoamini, bali kwa kuwa ni ngumu kujiwakia.

Sikio linatofautisha. Noki ya taimingi hulia ukikanyaga mafuta injini ikiwa na mzigo, na hunyamaza ukiachia. Beringi iliyokwisha hugonga kwa sauti nzito, hata gari likiwa limesimama, na oili ikipata moto hugonga zaidi. Ukipuuza ya kwanza itatoboa pistoni, na hapo ndipo -me- itakapostahili.

Kwa hiyo, ndugu fundi, Beetle ile ilikuwa inanoki. Haikuwa imenoki.