"Ajali haina kinga"? Migodi ya makaa ya mawe ilishatoa jibu zamani

Kila inapokaribia Siku ya Usalama na Afya Kazini Duniani, Aprili 28, sisi wakaguzi wa migodi hupokea malalamiko yaleyale. Ukaguzi wa kabla ya zamu unachelewesha kazi. Daftari ni makaratasi tu. Na mtu akishabanwa na maswali, hufunga mjadala kwa kusema: "Mkaguzi, ajali haina kinga."

Naijua nia ya msemo huo. Ni wa kumfariji aliyefiwa, na msibani una nafasi yake. Mdomoni mwa meneja wa mgodi hauna nafasi hata kidogo. Nitaeleza kwa nini, kwa kurudi miaka mia moja na ushei nyuma kwenye migodi ya makaa ya mawe ya Ulaya, kwa sababu sehemu kubwa ya masharti tunayoyasimamia leo yalizaliwa huko, kila moja baada ya mazishi. Makala haya ni ya elimu tu. Hayamlengi mgodi wala mmiliki yeyote.

Mwaka 1913 Uingereza ilichimba tani milioni 287 za makaa ya mawe, kiwango ambacho haikukifikia tena. Watu wapatao milioni 1.1 walifanya kazi migodini. Mwaka huohuo wakafa 1,753, yaani karibu watu watano kila siku iendayo kwa Mungu. Wengi wanaposikia takwimu hii hufikiria milipuko. Sivyo. Kwa kawaida karibu nusu ya vifo vya migodini vilitokana na dari kuporomoka: jiwe hapa, pande la makaa pale, mtu mmoja leo, wawili kesho, bila gazeti kuandika.

Sababu yake haikuwa uzembe wa wachimbaji kama watu wanavyopenda kudai. Tazama walivyolipwa. Katika migodi mingi ya Wales Kusini mchimbaji alilipwa kwa tani ya makaa makubwa aliyoyatoa. Kusimamisha nguzo, kuondoa mawe yaliyoanguka, kungoja magogo yaletwe, kazi hizo zililipwa kidogo mno au hazikulipwa kabisa. Kila dakika aliyotumia kuweka matimba, yaani magogo ya kushikilia dari, ilikuwa imekatwa kwenye mkate wa watoto wake. Hasira juu ya malipo ya sehemu ngumu kuchimba ndiyo iliyowasha mgomo mkubwa wa Bonde la Rhondda mwaka 1910, na mwaka 1912 wachimbaji wa nchi nzima wakagoma mpaka Bunge likapitisha sheria ya kima cha chini cha mshahara. Ninapomwona mmiliki wa duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo, anawalipa vijana kwa idadi ya viroba, halafu ananilalamikia kwamba "hawa hawataki kuweka matimba", nashindwa kuelewa anachoshangaa.

Sasa tuje kwenye milipuko. Tarehe 10 Machi 1906, huko Courrières, kaskazini mwa Ufaransa, walikufa watu 1,099 katika mlipuko mmoja. Mgodi ule haukuwa na sifa ya kuwa na gesi nyingi ya methani, ile inayotoka kwenye makaa na kulipuka. Kilichosambaza moto ni vumbi la makaa lenyewe, ambalo wataalamu wengi wa Ufaransa wakati huo walikuwa hawaamini kwamba linaweza kulipuka peke yake bila gesi. Uokoaji ulikatishwa baada ya siku chache kwa kudhaniwa kwamba hakuna aliye hai. Siku ya 20, wanaume 13 wakatokea wenyewe kutoka gizani. Walikuwa wameishi kwa chakula walichokikuta kwa wenzao waliokufa na kwa nyama ya farasi wa mgodini. Siku chache baadaye akapatikana mmoja mwingine. Ndiyo maana taratibu za leo haziruhusu uokoaji kufungwa kwa kudhani.

Miaka saba baadaye, zamu ikawa ya Senghenydd, kijiji cha Wales Kusini. Mgodi wake, ulioitwa Universal, ulikuwa umeshalipuka mwaka 1901: kati ya watu 82 waliokuwa chini, akapona mmoja. Uchunguzi ukataja vumbi. Mgodi ukafunguliwa tena, kazi ikaendelea. Oktoba 14, 1913, baada tu ya saa 2 asubuhi, ukalipuka tena. Wakafa wachimbaji 439, na mwokoaji mmoja akawafuata.

Hapa naomba msomaji atulie, kwa sababu hapa ndipo "haina kinga" inapovunjika. Sheria ya Migodi ya Makaa ya Mawe ya 1911 ilikuwepo. Ilitaka feni za mgodi ziweze kugeuza mwelekeo wa hewa, ili moto ukitokea moshi usisukumwe kwa watu. Tarehe ya mwisho ilikuwa Januari 1, 1913. Wamiliki wakaongezewa muda hadi mwisho wa Septemba. Oktoba ilipofika, kazi ile Senghenydd ilikuwa haijakamilika. Kengele za umeme za kuashiria zilitumia nyaya zilizo wazi, zenye kuweza kutoa cheche. Kinga ilikuwa inajulikana, imeandikwa na ina tarehe.

Kuhusu adhabu, watu hukosea sana, kwa hiyo nitafafanua. Sheria ile iliweka kikomo cha faini: pauni 20 kwa kosa moja kwa mmiliki, wakala au meneja, na pauni 5 kwa mtu mwingine. Meneja wa Senghenydd alishtakiwa kwa makosa 17, akatozwa jumla ya pauni 24. Kampuni ilitozwa pauni 10 baada ya rufaa. Pauni moja ya wakati huo ilikuwa peni 240, kwa hiyo pauni 24 ni peni 5,760. Gawanya kwa watu 439, kila roho ni peni 13 na kidogo. Anayeniuliza kwa nini leo tunasimamisha shughuli papo hapo badala ya kuandika faini na kuondoka, jibu ni hilo.

Sheria ileile ilitaka pia ukaguzi kama huu mnaoulalamikia. Msimamizi wa usalama alipaswa kupita kila sehemu ya kazi ndani ya saa mbili kabla ya zamu kuanza. Alikagua gesi, hewa na dari, kisha akaandika ripoti. Gesi aliipima kwa taa yake ya usalama, taa ya utambi ambayo mwali wake umezingirwa na wavu wa waya: alipunguza utambi mpaka ulimi wa moto uwe mdogo kabisa, akaiinua taratibu kuelekea darini, akitazama kama juu ya mwali kunatokea kofia ya rangi ya bluu iliyopauka. Kadiri gesi ilivyozidi ndivyo kofia ilivyorefuka. Ikifika asilimia 2.5 ya hewa, watu wote waliondolewa. Kwa nini 2.5 wakati gesi hiyo hulipuka kuanzia asilimia 5 hivi? Kwa sababu kikomo huwekwa mbali na mauti, hakiwekwi mlangoni pake. Isitoshe, wachimbaji walikuwa na haki ya kuchagua wawili miongoni mwao wakague mgodi walau mara moja kwa mwezi na kuandika walichokiona.

Nimewahi kufungua daftari la ukaguzi siku ya Jumatano nikakuta Alhamisi na Ijumaa zimeshasainiwa: "Hali salama." Wino uleule, mwandiko uleule. Aliyesaini hakuwa mtu mbaya. Aliona anaokoa muda.

Jambo la mwisho linahusu gesi isiyo na harufu. Mtaalamu John Scott Haldane alichunguza maiti za mlipuko wa Tylorstown, Wales, wa mwaka 1896, akabaini kwamba wengi hawakuuawa na moto bali na kaboni monoksidi iliyobaki baada ya mlipuko. Ndiye aliyependekeza ndege wadogo wabebwe migodini, kwa kuwa huzidiwa na gesi hiyo kabla ya binadamu. Gesi hiyohiyo hutoka kwenye jenereta na pampu ya petroli inayoshushwa duarani kuvuta maji. Haihitaji makaa ya mawe.

Kwa hiyo, mashine ya petroli ibaki juu. Baada ya kulipua baruti, acheni hewa isafishwe na kipimo kisomwe kabla mtu hajashuka. Na mwenzenu akianguka chini bila kelele, zimeni mashine, ingizeni hewa, iteni waokoaji wenye vifaa vya kupumulia, wala asishuke ndugu yake kumfuata.