JOSM ngumu, iD ya watoto? Ubishi wa wachora ramani na ukweli wake

Ukikaa na watu wanaochora OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo yeyote anaweza kuihariri, haipiti saa bila ubishi kuzuka kuhusu programu ya kuchorea: JOSM au iD? JOSM husakinishwa kwenye kompyuta, inaendeshwa kwa Java, na ukiifungua mara ya kwanza unakutana na menyu na vidirisha mpaka unajiuliza uanzie wapi. iD inafunguka ndani ya kivinjari, na tangu 2013 ndiyo inayokuja yenyewe ukibofya kuhariri. Ubishi wenyewe hauna neno. Shida ni yanayosemwa humo.

Dhana: Programu rahisi hutoa ramani hafifu.

Zote mbili zinapeleka vitu vilevile kwenye hifadhidata ileile: nukta, njia (mistari na maumbo), mahusiano (vitu vilivyounganishwa pamoja) na lebo zake, yaani maneno yanayoeleza kila kitu ni nini. Hata StreetComplete, programu ya simu inayokuuliza tu barabara uliyosimama ni ya lami au changarawe, ukishagusa picha ya lami inaandika lebo surface=asphalt (uso wa lami) kama ambavyo angeandika bingwa yeyote. Aliyejibu hakuiona lebo, wala hakuwa na haja nayo.

Dhana: Urahisi ni wa wanaoanza, mtaalamu hauhitaji.

Hapa ndipo watu wanapopotea zaidi. Mradi wa Ramani Huria ulipoanza Dar es Salaam mwaka 2015, kuchora maeneo yanayokumbwa na mafuriko, kazi ilifanywa na wanafunzi wa vyuo vikuu pamoja na wakazi wenyewe. Fikiria mitaa isiyopimwa, paa limepandana na paa. Kwa iD unabofya kona nne, unafunga umbo, unabonyeza Q kona zinyooke. Huhitaji mwalimu. Kwa JOSM yenye plagini (programu ndogo ya nyongeza) ya majengo unabonyeza B, unaburuta ukuta mmoja, unautanua kwa upana, basi: nyumba imekamilika na kona zake zimeshanyooka. Kwa nyumba moja utaokoa sekunde chache tu. Kwa nyumba mia tatu, kiganja chako kitakueleza tofauti jioni.

Kwa hiyo anayechora kutwa anaiona JOSM ndiyo rahisi, na hakosei. Urahisi wa kuanza na urahisi wa kushinda nayo ni vitu viwili, nasi tunaviita kwa jina moja.

Dhana: Dawa ni kuficha vitufe.

JOSM imelijaribu hilo. Ina hali ya kitaalamu, na usipoiwasha baadhi ya vipengele havionekani. Inasaidia, ila kidogo. Mgeni haangushwi na wingi wa vitufe. Anaangushwa na kutojua kwamba lazima kwanza apakue data ya eneo, aongeze tabaka la picha za setilaiti, achore, ndipo apakie kazi yake kwenye hifadhidata. Menyu fupi haimwambii lolote kati ya hayo. iD haikuficha hatua ya kupakua, iliiondoa kabisa: data inaletwa kadiri unavyosogeza ramani.

Ila ulichoondolewa nacho kilikuwa na kazi. Data ya JOSM ukishaipakua unayo. Intaneti ikikatika unaendelea kuchora, unahifadhi faili, unapakia mtandao ukirudi. Na ukitaka kuzikamata kwa mkupuo nyumba zote za eneo hilo zisizo na idadi ya ghorofa, JOSM ina sehemu ya utafutaji ya kazi hiyo hasa. (Wanaoicheka JOSM kwa sura yake ya zamani aghalabu hawajawahi kuifungua hiyo sehemu.)

Dhana: iD ndiyo inayoharibu ramani.

Makosa ya wageni yanaonekana iD kwa sababu wageni wako huko. Paa lililochorwa juu ya picha ya setilaiti iliyosogea mita kadhaa limekosewa, liwe limechorwa kwa programu ipi. Tena mgeni wa iD hukosea nyumba moja moja, wakati mzoefu wa JOSM akiteleza anaweza kubadilisha lebo za nyumba mia kwa amri moja. Na tangu 2019 iD nayo ina ukaguzi wake, kama JOSM, unaokuonya kabla hujapakia kwamba barabara yako imepita katikati ya nyumba ya mtu.