2147483647 ni namba gani hii?

Dogo mmoja hapa Mwanga, Kigoma, anajifunza kuandika programu, juzi katengeneza ya kuhesabia magunia ya dagaa, akaingiza namba kubwa makusudi aone itafanyaje, ikagoma ikamwambia mwisho ni 2147483647. Akaja kwangu, kaka mbona isiwe bilioni 2 kamili, nani kaichagua hii? Swali zuri sana aisee, maana hiyo hajaichagua mtu.

Anza na 1, izidishe kwa 2 mara 31, unapata 2147483648, toa moja. Basi. Kompyuta inajua 0 na 1 tu, na programu nyingi zinaipa namba moja nafasi 32, nafasi moja inabeba alama ya hasi au chanya, zinabaki 31, zote ukizijaza 1 ndo umefika hapo. Ukiongeza moja tena ile 1 inaingia kwenye nafasi ya alama na namba inageuka -2147483648, yani kutoka juu kabisa mpaka chini kabisa kwa hatua moja.

Sasa utamu wenyewe, hii ni namba tasa, haigawanyiki kwa chochote zaidi ya 1 na yenyewe. Kuhakikisha kwa mkono ungetakiwa kujaribu kila namba tasa mpaka 46340, ni maelfu, ila zinazotokana na 2 kwa mtindo huu zina siri, kwa vile 31 yenyewe ni tasa basi chochote kinachoigawa lazima ukikigawa kwa 62, yani 31 mara mbili, kibaki 1, kwa hiyo nyingi unazitupa bila hata kuzijaribu. Leonhard Euler, Mswisi, aliithibitisha mwaka 1772, na macho yake wakati huo yalikuwa karibu hayaoni kabisa!! Kwa zaidi ya miaka 70 baada ya hapo hiyo ndo ilikuwa namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana. Msije mkadhani kila ukitoa moja unapata tasa, hapana, anza na 1, izidishe kwa 2 mara 11, ukitoa moja ni 2047, ambayo ni 23 mara 89.

Halafu kuna saa. Mashine nyingi zinahesabu muda kwa sekunde toka tarehe 1 Januari 1970, na sekunde 2147483647 ni kama miaka 68 hivi, zinaisha tarehe 19 Januari 2038, kwa saa zetu ni saa 12 na dakika 14 asubuhi, huku Kigoma jua litakuwa bado halijachomoza. Sekunde inayofuata mashine ya nafasi 32 ambayo haijarekebishwa itasema ni Desemba 1901. Mifumo mipya imehamia nafasi 64, na dogo nae kabadilisha mstari mmoja tu kwenye programu yake, magunia yakakubali.