Bajia za kunde: yanayosemwa na ukweli wake

Bajia za kunde ni kunde, chumvi, kitunguu, pilipili mbichi na mafuta ya kukaangia. Zikitoka ngumu au zimelowa mafuta, watu wengi hutafuta kitu cha kuongeza, na hapo ndipo zinapoharibika zaidi. Karibu kila kasoro ya bajia huanzia kwenye maji, hewa au moto.

Dhana: Kunde zichemshwe kwanza ili bajia ziive haraka.

Hapana. Kunde husagwa mbichi, zikiwa zimelowekwa tu. Zikishachemka, wanga umeshavimba na protini imeshaganda, hivyo rojo halishiki hewa wala halishikani, na bajia husambaratika kwenye karai. Nusu kilo ya kunde kavu iloweke kwenye maji mengi kwa saa 5 hadi 8. Kwenye joto kali weka bakuli kwenye friji, maana zikikaa nje usiku kucha huanza kuchacha.

Dhana: Kumenya maganda ni kazi ya kutwa nzima.

Hakuna haja ya kumenya moja moja. Fikicha kunde kwa viganja ndani ya maji, maganda yataelea. Yamwage, tia maji mengine, rudia mara tano au sita. Ukitumia blenda, jaza maji na uiwashe kwa sekunde moja moja mara tatu au nne ili kunde zipasuke na kuachia maganda. Machache yakibaki si neno. Ukipata kunde zilizokwisha kukobolewa, hatua hii huna.

Dhana: Bila bekingi pauda au hamira haziumuki.

Hili ndilo linalopotosha wengi. Kinachoziumua bajia za kunde ni hewa inayopigwa ndani ya rojo. Protini ya kunde mbichi huzishika punje za hewa, na zikikutana na mafuta ya moto hewa hutanuka, mvuke nao husukuma. Akara ya Nigeria na acarajé ya Bahia, Brazil, ambazo ni ndugu wa karibu wa bajia hizi, huumuka kwa njia hiyo hiyo.

Lakini hewa haikai kwenye rojo la majimaji. Baada ya kuosha, acha kunde kwenye chujio kwa nusu saa. Saga kidogo kidogo, kwa mafungu matatu, na kwa nusu kilo usizidishe vijiko 5 au 6 vya chakula vya maji. Blenda itakwama, izime, koroga kwa mwiko, endelea. Kinu na mchi havidai maji hayo, ndiyo maana bajia za kinu husifiwa. Acha chengachenga kidogo, kwani ndizo zinazolifanya ganda la nje liwe kavu na lenye kukatika vizuri.

Kisha piga rojo kwa mwiko upande mmoja kwa dakika 5 hadi 8, mpaka liwe jeupe zaidi na jepesi mkononi. Dondosha tone kwenye bilauri ya maji: likielea liko tayari, likizama endelea kupiga.

Dhana: Rojo likiwa la majimaji, tia unga wa ngano au yai.

Litashikana, ila utakula andazi la kunde. Afadhali uliache kwenye friji saa moja, umwage maji yatakayojitenga juu, kisha ulipige upya. Kitunguu na chumvi vitie dakika ya mwisho, karai likiwa jikoni, kwa sababu chumvi hukitoa kitunguu maji na rojo huregea.

Dhana: Maharage yoyote yanafaa.

Hapa tuwe waangalifu. Maharage mekundu mabichi yana lektini nyingi, protini yenye sumu inayosababisha kutapika na kuharisha, na huvunjwa kwa kuchemshwa kwelikweli, si kwa kukaangwa dakika chache. Baki na kunde.

Dhana: Moto mdogo hufanya ziive ndani bila kunywa mafuta.

Ni kinyume chake. Mafuta yawe kati ya nyuzi 170 na 180 za selisiasi, kina cha vidole vitatu hivi. Bila kipimajoto, dondosha chembe ya rojo: ikizama kidogo na kupanda mara moja ikitoa mapovu, anza. Ikikaa chini, mafuta bado. Ikibadilika rangi papo hapo, punguza moto. Usijaze karai, kwani rojo baridi hushusha joto na bajia zote hunywa mafuta. Kijiko kimoja cha chakula kwa kila bajia, dakika 4 hadi 5, ukigeuza mara moja.

Mafuta mengi huingia bajia ikishatolewa, mvuke wa ndani unapopoa na kuyavuta. Kwa hiyo zikung'ute zingali juu ya karai, kisha zipange kwenye chujio au waya, si kwenye sahani bapa.

Zilizobaki zipashe kwenye oveni kwa dakika 8 au zirudishe haraka kwenye mafuta ya moto. Maikrowevu huzilainisha ganda.