Nikikuonyesha Dar es Salaam mpya, nitaanzia mtaroni

Mgeni akiniomba nimtembeze aone Dar es Salaam ilivyobadilika tangu 2015, najua wenzangu wangempeleka wapi: Tazara kwenye Daraja la Mfugale, Ubungo kwenye barabara za Kijazi zilizopandana ngazi tatu, halafu jioni Daraja la Tanzanite apigwe na upepo wa bahari. Mimi humpeleka Tandale nikamsimamisha kando ya mtaro.

Sina ugomvi na madaraja. Kazi yangu ni mipango miji na foleni ya Tazara ya zamani naikumbuka vizuri. Mfumo wa mabasi ya mwendokasi nao, ulipoanza Mei 2016 kwenye kilomita 21 za awamu ya kwanza, ulimrudishia usingizi mtu wa Kimara aliyekuwa akidamka saa kumi alfajiri ili awahi Posta. Jiji likapewa Tuzo ya Usafiri Endelevu ya 2018, la kwanza Afrika. Lakini hakuna anayelala barabara kuu. Mtu anashuka kituoni, anaingia uchochoroni, na maisha yake yako huko.

Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 4.36 Dar, ya 2022 ikahesabu milioni 5.38. Sehemu kubwa yao wanakaa mitaa ambayo haikupimwa: nyumba zilitangulia, njia ikabaki ile iliyosazwa na kuta. Ndiyo maana mradi ninaoupa uzito kuliko yote ni DMDP, yaani Mradi wa Uendelezaji wa Jiji la Dar es Salaam, ulioanza 2015 kwa mkopo wa dola milioni 300 wa Benki ya Dunia, kwa ajili ya barabara za mitaa, mitaro na taa.

Miaka hiyohiyo wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wenyewe walikuwa wakichora ramani za mitaa yao katika mradi wa Ramani Huria, hadi kina cha mafuriko. Nilijifunza kwao namna ya kuuliza. Siku moja Tandale mzee mmoja alinitoa nje, akabandika kiganja ukutani usawa wa kifua changu. "Mwanangu, yalifika hapa." Alikuwa akisema mvua za Desemba 2011, zilizoua watu zaidi ya 40 jijini. Rangi ya ukuta chini ya kiganja chake ilikuwa tofauti na ya juu.

Barabara ya lami yenye mtaro ikiingia mtaa kama ule, gari la taka linaingia. Mgonjwa anachukuliwa mlangoni, habebwi mgongoni mpaka barabara kuu. Mama lishe anatoa meza mbele, fundi anafungua duka kwenye chumba cha uani. Kodi ya chumba nayo inapanda, na kuna wapangaji waliovumilia tope miaka yote wasipate kuifaidi lami. Hilo linaniuma, na sijaona mradi uliolipa uzito unaostahili.

Sasa, mtaro hauli maji, unayahamisha tu. Mto Ng'ombe unaopita Tandale ulijengewa kingo za zege, na maji yake yanakwenda kwa kasi kuliko zamani kuelekea bonde la Msimbazi. Msimbazi wenyewe unatoka vilima vya Pugu na Kisarawe na mzigo wa mchanga. Ukifika Jangwani ardhi ni tambarare, mto unachoka, mchanga unatua, kitanda cha mto kinapanda. Mvua ikikutana na bamvua pale Daraja la Salenda, mto unapoingia baharini, bahari inakataa kupokea na maji yanarudi kutafuta nafasi. Nafasi yanayoipata ni Barabara ya Morogoro, pamoja na karakana ya mabasi ya mwendokasi iliyojengwa bondeni humohumo. Kila masika tunasikia Jangwani imefungwa, na mfumo uliotupatia tuzo unakatika vipande viwili.

Ndiyo maana naufuatilia kwa karibu mradi wa Bonde la Msimbazi, uliopata dola milioni 200 za Benki ya Dunia mwaka 2022, Uhispania na Uholanzi zikachangia: kulipa fidia na kuhamisha watu, kuchimba mchanga, kuinua daraja la Jangwani, kuhamisha karakana, na kuliacha bonde liwe bustani inayoruhusiwa kulowa. Ningetaka ungetangulia mengine yote.

Nilirudi kwa yule mzee. Lami imepita mlangoni kwake, na mafuriko ya mto hayajamfikia tena. Ila barabara iliinuliwa kuliko kizingiti chake, hivyo mvua ya kawaida tu inateremka uani kutoka juu. Ameweka tofali mbili za saruji mlangoni, amezipiga plasta, mjukuu wake anazikalia akisubiri basi la shule. Nilichukua vipimo vya usawa kuanzia katikati ya lami hadi sakafu yake, na mchoro wa kipande kile cha mtaro uko mezani kwangu, una mdomo mmoja wa kuongeza, upana wa sentimita 30.